Kazi ya Juu Juu

Leo wanaizima pampu ya chumba namba kumi na nne.
Miaka ishirini na sita imenguruma, usiku na mchana,
ikinyonya hewa kutoka kwenye tangi la feleji
mpaka ndani pasibaki kitu;
na kitu kikibaki, Profesa Oldroyd alikijua kwa jina.

Binti wa mnoa visu, mzaliwa wa Sheffield,
mtaa ambao sasa ni ghala na maegesho ya magari.
Baba yake alipima makali kwa ukucha wa dole gumba,
macho aliyanyima kazi hiyo. Mng'aro, alisema, ni mwongo.

Mimi nilimkuta ameshaota mvi.
Nilitoka Njombe, Januari, na koti la kuazima,
nikidhani kemia ni chupa na moshi.
Akanionyesha fuwele moja, nyekundu kama hina iliyokolea,
nyembamba kuliko ganda la kitunguu.
"Usiiguse. Mafuta ya kidole chako ni gharika kwake."
Niliigusa.
Miezi mitatu ya kuiotesha, ikaishia hapo.
Hakufoka. Alinimiminia chai, akafungua daftari, akaandika:
*Sampuli ya 31. Alama ya kidole. Ya binadamu.*

Tulichokisaka kilikuwa kidogo hivi:
kaboni, ndugu wa masizi na mkaa,
ukiipanga pete kwa pete hupitisha umeme,
lakini nusu nusu, kama mtu aliyekubali shingo upande.
Na umeme wenyewe haupiti katikati.
Hupita usoni, kwenye tabaka la kwanza,
unene wa molekuli moja, mbili zikizidi.
"Kwetu," nilimwambia, "juu juu ni tusi.
Mtu wa juu juu. Kazi ya juu juu."
Akacheka mpaka miwani ikafanya ukungu.
"Basi mwandikie mama yako
kwamba umepata bibi mmoja wa Kiingereza
aliyefanya kazi ya juu juu miaka arobaini."

Haya mengine alinisimulia fundi Wragg, kwenye ngazi, akivuta sigara.
Mwaka wa tisini na nane Oldroyd alitangaza elektroni
zenye mbio kuliko za mtu yeyote duniani.
Simu zikalia. Wenye viwanda wakaja na suti zao.
Kisha Jumapili moja, peke yake, akarudia kipimo
akakuta ni maji.
Utando wa unyevu uliolala juu ya fuwele,
na mbio zote zile zilikuwa za maji.
Hakuna aliyejua. Wala hakuna ambaye angejua.
Jumatatu akaliandikia jarida: ifuteni.
Suti hazikurudi.
Cheo alichokisubiri kikapewa mtu
aliyewahi kumfundisha kushika koleo.

Nilipata ujasiri wa kumuuliza mwaka wa tatu.
"Molekuli tatu za unene," alisema. "Ningepasha moto kwanza."
Hilo tu. Akarudi kwenye skrubu zake.
Nami methali niliyokaririshwa shuleni,
uso umeumbwa na haya,
ikanijia upya, kana kwamba haijawahi kusemwa.

Leo mkuu wa idara amehutubia kuhusu siku za usoni,
vioo vitakavyokunjwa kama leso,
taa zitakazopakwa ukutani kama chokaa.
Oldroyd alikuwa akimtazama Wragg, na Wragg akiitazama swichi.

Pampu ikakohoa, ikashuka sauti, ikanyamaza.
Wakafungua vali; hewa ya Sheffield ikaingia kwa mluzi mwembamba,
na vumbi lake, na unyevu wake, na pumzi zetu sote.
Alivua glavu. Akapitisha ukucha wa dole gumba
kwenye ukingo wa tangi, polepole, mzunguko mzima.

Kisha tukaenda kunywa chai, na hata pale, kwenye kimya,
sisi wa chumba kumi na nne tuliendelea kupayuka,
"SUKARI?" "KIJIKO KIMOJA!",
mpaka wageni wakadhani tunagombana.